Siti binti Saad

Kabla hatujaendelea na kauli ya kutendwa, tusome maisha ya mwimbaji ambaye jina lake la utotoni lilitokana na kauli hiyo. Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Jina hilo limejengwa juu ya kitenzi tuma. Wanachuo wetu wa Lilongwe watautambua mzizi wake katika Kichewa. Na wale wa Dzaleka wanaosema Kirundi au Kinyarwanda wanajua kwamba kwao intumwa ni mjumbe, mtu wa kuheshimiwa. Katika Kiswahili maana zilitengana: mtume akapata utukufu, mtumwa akaachiwa minyororo. Wala kwa binti huyu jina halikuwa la mzaha, kwani wazazi wake walikuwa watu wa asili ya utumwa, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa na miaka 17 hivi.

Alijifunza ufinyanzi nyumbani, akawa akichukua vyungu kwa miguu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini. Muhsin Ali alimfunza uimbaji, kisha akaimba pamoja na wanamuziki kama Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk. Mjini ndiko alikopewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Tangu enzi ya Sultani Barghash taarabu ilikuwa burudani ya jumba la kifalme, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliimba kwa Kiarabu na hata kwa Kihindi. Lakini alichokifanya kwa Kiswahili ndicho kilichobadili mambo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay wakarekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Lugha ya wafinyanzi na wachukuzi ikaanza kusikika kwenye gramafoni. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke kisha akatoroka, huku mashahidi ndio waliofungwa. Tunavyoona sisi, dhuluma ile ingalikwisha kusahauliwa kama isingaliimbwa kwa lugha ambayo waliodhulumiwa waliielewa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni. Shaaban Robert, ambaye alipata kukutana naye, aliandika wasifu wake. Mwanachuo atakayeupata azingatie jinsi -ka- inavyofuata -li- katika masimulizi, maana ni mfano bora kuliko huu wetu. Nacho Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kiliipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.