Pete Rozelle: Jamaa aliyewashawishi matajiri wagawane hela za runinga sawa kwa sawa

Hebu jiulize, pesa ambazo klabu za Ulaya hutumia kununua mastaa hutoka wapi? Si tiketi pekee. Kituo cha runinga huilipa ligi donge nono kwa sababu kina hakika watu watatazama. Watu wakitazama, kampuni za sabuni, bia na magari humiminika kununua dakika za matangazo. Watazamaji wakiongezeka, bei ya haki za kupeperusha mechi nayo inapanda. Kwa ufupi, macho yako ndiyo bidhaa inayouzwa.

Mmoja wa walioielewa hesabu hiyo mapema ni Mmarekani Pete Rozelle. Huenda jina lake ni geni kwako, maana mchezo wake haukuwa soka yetu bali futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai. Lakini kule kwao, huyu ni gwiji.

Alizaliwa Machi 1, 1926, jimboni California. Alihudumu katika jeshi la wanamaji, akasomea chuo kikuu San Francisco, kisha akaajiriwa kusimamia mawasiliano ya timu ya Los Angeles Rams. Kufikia 1957 alikuwa meneja mkuu wa timu hiyo.

Januari 1960, wamiliki wa timu za ligi ya NFL walikutana Florida kumchagua kamishna mpya. Walivutana weee! Duru moja ya kura baada ya nyingine, mshindi hapatikani. Katika duru ya 23 ndipo walipomwangukia Rozelle, kijana wa miaka 33 ambaye wengi hawakuwa wamempa nafasi.

Alichokikuta si mchezo. Kila timu ilikuwa ikijiuzia mechi zake kwa vituo vya runinga. Timu za miji mikubwa kama New York zilivuna vizuri kwa sababu zilikuwa na watazamaji tele. Nazo Green Bay Packers, timu ya mji mdogo huko Wisconsin, zingeambulia nini?

Rozelle alikuja na wazo lililoonekana la kichaa: ligi iuze mechi zote kwa pamoja, kisha kila timu ipate mgao sawa. Ilibidi awabembeleze matajiri wa New York, Chicago na Los Angeles wakubali kupoteza leo ili wapate zaidi kesho. Hoja yake ilikuwa rahisi. Ukiwa na timu tatu tajiri zinazowapiga wengine kila wiki, nani atatazama? Mechi ambayo matokeo yake hayatabiriki ndiyo huwaweka watu mbele ya runinga.

Walikubali, lakini mwaka wa 1961 jaji akaharamisha mkataba wao na CBS kwa kukiuka sheria za ushindani wa kibiashara. Rozelle hakulia. Alienda Washington kuwashawishi wabunge, na Septemba mwaka huo huo Rais John F. Kennedy akatia saini sheria iliyoruhusu ligi kuuza haki zake kwa pamoja.

Sasa cheki hesabu. Mkataba wa 1962 ulikuwa wa dola milioni 4.65 kwa mwaka. Ukigawanya kwa timu 14, kila moja ilipata takriban dola 330,000. Mkataba wa 1964 ulipanda hadi milioni 14.1 kwa mwaka, yaani zaidi ya milioni 1 kwa kila timu. Na wale Packers wa mji mdogo? Ndio walioshinda fainali ya kwanza ya Super Bowl, Januari 1967.

Mwaka wa 1970 Rozelle alileta mechi za Jumatatu usiku. CBS na NBC hazikuwa na haja, zikiogopa kuharibu vipindi vyao vilivyokuwa na watazamaji wengi. ABC, iliyokuwa ikivuta mkia, ilikubali, na Jumatatu ikawa usiku wa futiboli. Kufikia 1982, mikataba ya runinga ilikuwa imefika takriban dola bilioni 2 kwa miaka mitano.

Hakuwa malaika. Novemba 1963 aliruhusu mechi zichezwe siku mbili tu baada ya Kennedy kuuawa, uamuzi alioujutia baadaye. Nao wachezaji waliona hela zikigawanywa sawa kwa wamiliki huku wao wakipata makombo. Waligoma siku 57 mwaka wa 1982, wakagoma tena 1987.

Rozelle alistaafu 1989, akafariki Desemba 6, 1996, kwa saratani ya ubongo. Tuzo ya mchezaji bora wa Super Bowl ina jina lake.

Mbona yakuhusu? Kwa sababu Ligi Kuu ya Kenya ilionja machungu haya 2017, SuperSport ilipokatiza mkataba wake na klabu zikabaki bila hela za runinga. Kama una ndoto ya kucheza soka, kuendesha klabu au hata kuanzisha ligi ya mtaani, Rozelle amekuachia somo: usimfilisi mpinzani wako, maana bila yeye huna mechi ya kuuza.