Sheikh al-Maqrizi, Msimamizi wa Soko la Kairo

Taqiyyuddin Ahmad bin Ali al-Maqrizi alizaliwa Kairo mwaka 1364, akasoma fiqhi na hadithi, akahudhuria darasa za Ibn Khaldun. Wengi humjua kwa vitabu vyake vya tarekhe. Wachache ndio wajuao kwamba alipata kuwa msimamizi wa soko.

Mwaka 1399 Sultani Barquq alimtawalisha hisba ya Kairo. Kazi ya muhtasib ni kuamrisha mema na kukataza mabaya sokoni, apime mizani na pishi, akague nyama na vyakula. Vitabu vya hisba vilivyomtangulia, cha Shayzari na cha Ibn al-Ukhuwwa, vimeieleza kazi hiyo kwa namna ya kustaajabisha. Mchinjaji asimburure mnyama kwa mguu, asichinje kwa kisu butu, wala asiipulize nyama kwa kinywa chake, kwani pumzi huiharibu. Afungapo duka usiku, gogo la kukatia nyama alinyunyizie chumvi ya kusaga, mbwa wasililambe. Mkaanga samaki aoshe vikapu vyake kila siku. Chungu cha harisa hutiwa muhuri wa muhtasib mpaka alfajiri, mpishi asipate kuiba nyama iliyomo. Na leo pia nyama iliyokaguliwa hupigwa muhuri. Mfanyabiashara wa pwani afikaye Ndalambo, njia ya Tunduma, autazame kabla hajanunua.

Lakini cheo hicho hakikudumu mkononi mwake. Haukutimia mwaka akaondolewa, akawekwa al-Ayni. Akarudishwa, akaondolewa tena. Zama hizo vyeo vilinunuliwa. Aliyelipa mali kupata hisba huirejesha kwa kuwatoza wauzaji, na muuzaji aliyetozwa hukitia hasara yake chakula cha maskini.

Mwaka 1403 maji ya Nile yalipungua, ikaingia njaa, kisha maradhi. Na katika siku hizo binti yake alikufa. Mwaka 1405 akaandika kitabu juu ya njaa ile. Hakuutwika mto lawama yote: alitaja kwanza rushwa katika vyeo, kisha kupanda kwa kodi za mashamba, kisha wingi wa sarafu za shaba.

Baadaye aliuacha utumishi wa dola, akashika kalamu. Alipokaa Makka alikutana na kadhi wa Lamu, akapata kwake khabari za pwani yetu. Alifariki Kairo mwaka 1442, Allah amrehemu.