Mary Stuart, Malkia Mugeni Katika Ngome Zake



Nimeombwa kuandika maisha ya mutu wa sifa mwenye alikufa zamani. Nimechagua mutu wa Uskoti, inchi tunayoiita Écosse katika Kifaransa. Ni inchi ya Livingstone, ule mwenye alifika Nyangwe kwetu Maniema mwaka 1871. Lakini sitaandika juu ya Livingstone. Nitaandika juu ya mwanamuke, tena mwanamuke Mukatolika mwenye Waprotestanti wengi wa inchi yake hawakumupenda hata kidogo. Jina lake Mary Stuart. Mutaniuliza sababu gani kapita wa internat anachagua huyo. Nitajibu ku mwisho, na jibu lenyewe linahusu ufunguo.

Kwanza tusikilizane juu ya ngome. Ngome ya Uskoti ni nyumba ya mawe, kuta zake nene sana, madirisha madogo, na mulango wa nguvu. Mabwana wakubwa wa inchi, kila mumoja alikuwa na yake. Mufalme naye hakukaa pahali pamoja. Alizunguka inchi yake, leo analala kwa bwana huyu, kesho kwa yule, pamoja na watu wake na farasi zao, na mwenye nyumba ndiye alipaswa kuwalisha. Ulikuwa muzigo, lakini ulikuwa pia alama. Bwana mwenye kumufungulia mufalme mulango alikuwa mutu wake. Mwenye kumufungia, amekwisha kuasi. Mushike neno hilo.

Mary alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1542, katika jumba la Linlithgow. Kisha siku sita baba yake, mufalme James wa tano, akafa. Basi mutoto wa siku sita akawa malkia. Mufalme Henry wa Uingereza alitaka mutoto huyo aolewe na mwana wake. Wakubwa wa Uskoti wakakubali, kisha wakakataa, na Waingereza wakaleta vita. Mama yake akamuhamisha katika ngome ya Stirling, yenye kujengwa juu ya jiwe kubwa, na huko wakamuvika taji mwaka 1543, akiwa na miezi tisa. Waskoti waliposhindwa ku vita vya Pinkie mwaka 1547, wakamuficha majuma machache kwa watawa katika kisiwa cha Inchmahome, kisha wakamupeleka ku ngome ya Dumbarton kando ya maji. Kutoka huko alipanda mashua mwaka 1548 kwenda Ufaransa. Alikuwa na miaka mitano, na alikuwa amekwisha kukimbia kutoka ukuta mumoja kwenda mwengine.

Ufaransa alikaa miaka 13. Alilelewa katika nyumba ya mufalme, na Kifaransa kikawa luga ya moyo wake. Mwaka 1558 aliolewa na mwana wa mufalme, François, na mwaka uliofuata François akawa mufalme. Lakini alikufa mwezi wa 12 mwaka 1560. Tarehe 19 mwezi wa 8 mwaka 1561 Mary alirudi Uskoti. Alikuwa mujane, malkia, yatima, na miaka yake ilikuwa 18. Mimi pia niko na miaka 18. Nikifikiri hesabu hiyo ninanyamaza.

Inchi aliyorudia haikuwa ile aliyoiacha. Mwaka 1560 baraza la Uskoti lilikuwa limekubali imani ya Kiprotestanti na kukataza misa. Mary alibaki Mukatolika, lakini hakujaribu kuvunja kanisa jipya. Yeye aliomba kwa namna yake katika nyumba yake tu. Hata hivyo muhubiri John Knox alimulaumu kwa nguvu. Walionana mara kadhaa, na mara moja, mwaka 1563, ilikuwa katika ngome ya Lochleven, katikati ya ziwa. Wakati ule Mary alikuwa mugeni mukubwa wa nyumba ile. Alipikiwa, alitandikiwa kitanda, mutumbwi ulimungoja. Ngome hii tutairudilia.

Mwaka 1562 alizunguka upande wa kaskazini. Alipofika Inverness, mulinzi wa ngome akakataa kumufungulia, kwa amri ya jamaa ya Gordon. Ngome ilikuwa ya malkia mwenyewe, na yeye alisimama inje kama mutu wa njia! Watu wa jirani wakakuja kumusaidia, mulango ukafunguliwa, na mulinzi yule akanyongwa. Nilisema hapo juu: kumufungia mufalme ni kuasi.

Mwaka 1565 aliolewa na Henry Darnley, kijana muzuri wa sura lakini mwenye kiburi na pombe. Tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 1566, katika jumba la Holyrood, Darnley na mabwana wengine waliingia katika chumba kidogo chenye Mary alikuwa anakula. Wakamushika mwandishi wake, David Rizzio, wakamuchoma visu. Mary alikuwa na mimba ya miezi sita. Kumbe mulango wa siri ulifunguliwa na bwana yake mwenyewe! Kisha siku mbili alimugeuza Darnley moyo, wakatoroka wote wawili usiku juu ya farasi, karibu kilometre 40, mupaka ngome ya Dunbar. Kwa kuzaa alichagua ngome ya Edinburgh, yenye nguvu kupita zote. Huko, tarehe 19 mwezi wa 6, alizaa mwana wake James katika chumba kidogo sana. Wageni wenye kutembelea Edinburgh wanaonyeshwa chumba hicho mupaka leo, na wengi wanashangaa namna mufalme alizaliwa pahali padogo vile.

Sasa ninafika pabaya. Mwezi wa 2 mwaka 1567 Darnley aliuawa Edinburgh. Nyumba aliyolala ililipuliwa na baruti, na maiti yake ikapatikana katika shamba, bila jeraha la moto. Watu wengi walimushitaki bwana mumoja, James Hepburn wa Bothwell. Kama Mary alijua shauri lile ao hakujua, wenye elimu wanabishana mupaka leo. Lakini jambo hili halibishaniwi: mwezi wa 4 Bothwell alimukamata njiani na kumupeleka Dunbar, na mwezi wa 5 Mary akaolewa naye. Inchi ikachukia. Walipokuwa wamelala katika ngome ya Borthwick, mabwana wakaizunguka. Bothwell akakimbia kwanza, kisha Mary akatoka usiku amevaa nguo za kiume na buti. Ngome hiyo ingali imesimama na minara yake miwili, na katika miaka ya 1970 iligeuzwa hoteli. Watu walilipa pesa ili walale pahali ambapo malkia alipakimbia.

Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 1567, ku Carberry, Mary alijitoa katika mikono ya mabwana. Walimuahidi heshima. Wakamupeleka Lochleven. Njo ile ile ngome, ziwa lile lile, kuta zile zile. Alipokuwa mugeni, maji yale yalikuwa mapambo. Sasa yalikuwa minyororo. Ukuta haukubadilika hata jiwe moja. Kilichobadilika ni mutu mwenye kushika ufunguo. Huko aligonjwa, mimba ya mapacha ikaharibika, na tarehe 24 mwezi wa 7 wakamulazimisha kutia sahihi kwamba anaacha taji. Mwana wake wa mwaka mumoja akavikwa taji Stirling, na John Knox akahubiri siku ile. Ndugu zangu, sisi ni Waprotestanti, na Knox ni baba mumoja wa imani yetu. Lakini ukweli hauna dini. Kushikia mwanamuke mugonjwa kalamu mukononi si ushindi wa kusifu.

Alikaa Lochleven miezi kumi na nusu. Mwezi wa 3 mwaka 1568 alijaribu kutoka amejifunika kama mufua nguo. Mwenye kupiga kasia akaona mikono yake, myeupe na laini, akajua huyu hafui nguo. Akamurudisha. Tarehe 2 mwezi wa 5 kijana mumoja wa nyumba ile, Willie Douglas, aliiba funguo wakati wa chakula cha jioni. Akamutoa Mary, akafunga mulango kutoka inje, na katikati ya safari akatupa funguo ndani ya ziwa. Mashujaa wengi wa historia walishika upanga. Huyu alishika funguo tu.

Uhuru ulidumu siku chache. Tarehe 13 askari zake walishindwa Langside, na tarehe 16 akavuka maji kwenda Uingereza kumuomba ndugu yake malkia Elizabeth amupokee. Sisi tunajua mugeni wa siku mbili anakaribishwa, siku ya tatu anapewa jembe. Mary hakupewa jembe. Alipewa kufungwa miaka karibu 19, ngome kisha ngome: Carlisle, Bolton, Tutbury, Sheffield, na zingine. Huko Uskoti, mutu mumoja aliendelea kumushikia mulango: Kirkcaldy wa Grange. Alikuwa Muprotestanti, tena alipigana naye ku Langside. Lakini njo yeye alipokea Mary ku Carberry, na ile ahadi iliyovunjwa ilimuuma. Nyuma akageuka, akaifunga ngome ya Edinburgh kwa jina la malkia asiyekuwako, mupaka mizinga ya Waingereza ilipoibomoa mwaka 1573. Wakamunyonga. Mary mwenyewe alishikwa na barua zenye kukubali shauri la kumuua Elizabeth, akahukumiwa, na tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 1587 akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Alikuwa na miaka 44.

Mwana wake James hakumujua. Mara ya mwisho mama alimuona alikuwa na miezi kumi. Mwaka 1603 James akawa mufalme wa Uingereza pia, na wakati wake Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitafsiriwa. Mwaka 1612 akahamisha mwili wa mama yake Westminster, pahali pa wafalme, karibu na kaburi la Elizabeth. Leo Linlithgow haina paa, Dunbar imebaki mawe ya bahari, Fotheringhay ni kilima cha majani. Lochleven bado iko katika kisiwa chake, na watalii wanavuka na mashua kuiangalia. Wanaingia, wanatoka. Hakuna mwenye kuwafungia.

Sasa jibu langu. Kila jioni mimi ninafunga mulango wa dortoir. Muhula uliopita, usiku wa mvua, mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza alichelewa dakika chache. Nilimusikia anabisha. Nilikuwa na sheria upande wangu, kwa hiyo nilimwacha inje muda murefu, ili wengine waone nguvu ya kapita. Kesho yake alikuwa na homa. Hakunishitaki kwa mutu. Jina lake sitaandika, yeye anajua, na hapa mbele yenu wote ninamuomba musamaha.

Kwa mwisho wa mwaka nitapeana funguo kwa mwengine. Ninamuomba, akisikia mutu anabisha, kwanza afungue. Dakika za kuchelewa atazihesabu wakati mutoto amekwisha kuingia ndani.

Kapita wenu, mwaka wa sita.