Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila cheche ya umeme wala moto wa nje. Injini hiyo huitwa injini ya dizeli kutokana na jina lake, na mafuta yake pia huitwa dizeli.

Injini za aina hiyo huendesha malori, mabasi, treni, meli na jenereta katika nchi nyingi duniani. Hata hivyo, mvumbuzi mwenyewe alitoweka baharini akiwa na madeni makubwa, na chanzo cha kifo chake bado kinajadiliwa.

Maisha ya awali na elimu

Diesel alizaliwa mjini Paris akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani waliohamia Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Familia, kama Wajerumani wengine, ililazimika kuondoka Paris ikahamia London. Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa zake. Mjomba wake huko alikuwa mwalimu wa hisabati. Akiwa na miaka 14 kijana huyo aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi.

Mwaka 1875 alipata ufadhili wa masomo katika chuo cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu mashuhuri wa mitambo ya kupozea. Diesel aliugua homa ya matumbo mwaka 1879 akakosa mitihani ya mwisho. Wakati akisubiri mitihani mingine alifanya kazi katika kiwanda cha ndugu Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Alihitimu Januari 1880 kwa alama za juu sana.

Baadaye alirudi Paris kufanya kazi katika kampuni ya Linde, akisimamia mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Familia ilihamia Berlin mwaka 1890.

Wazo la injini mpya

Wakati huo viwanda vilitegemea injini za mvuke. Injini hizo zilikula makaa mengi, lakini sehemu kubwa ya joto ilipotea bure. Kwa kawaida hata asilimia 10 ya nguvu ya makaa haikufikia kazi iliyokusudiwa. Diesel alitaka injini ambayo isingepoteza joto kiasi hicho.

Wazo lake linaeleweka kwa kutazama pampu ya baiskeli. Mtu anapojaza upepo kwenye tairi, pampu hupata joto, kwa sababu hewa ikishindiliwa joto lake hupanda. Diesel alipanga kushindilia hewa ndani ya silinda mpaka ifikie joto la kutosha kuwasha mafuta yanapopulizwa ndani yake. Katika injini ya dizeli joto hilo hufikia nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi.

Tayari kulikuwa na injini za mafuta za aina nyingine. Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alipata hataza mwaka 1890 kwa injini yenye chemba ya moto kwenye kichwa cha silinda. Chemba hiyo ilipashwa kwanza kwa taa kutoka nje, na injini ikishaanza kufanya kazi ilibaki na joto lake yenyewe. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu walidai kwamba Akroyd Stuart alistahili sifa alizopewa Diesel. Tofauti kubwa ni kwamba katika injini ya Diesel hewa iliyoshindiliwa peke yake ndiyo inayowasha mafuta.

Miaka ya majaribio

Diesel aliomba hataza mwaka 1892, akaipata mwaka 1893. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu nadharia yake, na kiwanda cha mashine cha Augsburg pamoja na kampuni ya Krupp vilikubali kugharimia majaribio.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kama Diesel alivyotabiri, lakini kifaa cha kupimia shinikizo kilipasuka na injini haikuweza kujiendesha. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa takriban dakika moja tu.

Ilibainika pia kwamba hesabu za kwanza za Diesel hazikuwezekana kutekelezwa zote. Shinikizo alilolitaka lilikuwa kubwa mno, na alilazimika kubadili namna mafuta yanavyoungua ndani ya silinda. Mpango wake wa kutumia vumbi la makaa haukufaulu. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuingiza mafuta katika silinda yenye shinikizo kubwa. Mwishowe yalipulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa na pampu ya pembeni.

Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini hiyo rasmi. Ilikuwa na silinda moja, ilitumia mafuta ya taa, na ilitoa nguvu za farasi karibu 20. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 26.2, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati huo hazikukikaribia.

Umaarufu na matatizo

Baada ya kipimo hicho kampuni za nchi nyingi zilinunua haki ya kutengeneza injini hiyo. Adolphus Busch, tajiri wa bia huko Marekani, alilipa marki milioni moja. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli ilipata tuzo kuu. Injini moja ndogo iliendeshwa hapo kwa mafuta ya karanga.

Lakini injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara. Wateja walilalamika, na kiwanda kilichoanzishwa Augsburg kwa ajili ya injini hizo kilifilisika. Diesel mwenyewe alichoka mwili na akili, akalazwa mwaka 1898. Alipoteza fedha nyingi katika biashara ya ardhi na visima vya mafuta, huku akijenga nyumba ya kifahari mjini Munich.

Wakati huohuo wahandisi wengine waliendelea kuirekebisha injini. Mwaka 1903 meli ya Vandal ilianza kusafiri kwenye mto Volga, Urusi, kwa injini za dizeli. Mwaka 1912 meli ya Selandia iliyojengwa Copenhagen, Denmark, ilisafiri hadi Bangkok. Safari hiyo ilionyesha kwamba dizeli inaweza kushindana na mvuke baharini.

Kifo

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli ya Dresden huko Antwerpen, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwenye mkutano wa kampuni. Baada ya chakula cha usiku aliingia chumbani kwake na kuomba aamshwe asubuhi. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu na kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa kwenye sitaha.

Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti katika Bahari ya Kaskazini. Walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua kuwa vya baba yake. Wengi wanaona kwamba alijiua kutokana na madeni. Wengine wamedai kwamba aliuawa au alianguka kwa bahati mbaya, lakini hakuna dai lililothibitishwa.

Mafuta mazito na mifumo ya kuyapasha moto

Baada ya kifo chake injini kubwa za dizeli zilianza kutumia mafuta mazito, yaani masalio ya usafishaji wa mafuta ghafi. Bei yake ni nafuu, lakini yakipoa huwa mazito kama lami na hayapiti vizuri kwenye pampu. Kwa hiyo meli na vituo vya umeme hufunga mfumo wa kuyapasha moto.

Kwa kawaida mabomba ya mvuke hupitishwa ndani ya matangi ili mafuta yaweze kusukumwa. Mvuke huo mara nyingi hupatikana kwa joto la moshi wa injini yenyewe. Kisha mafuta hupashwa hadi karibu nyuzi 98 na kusafishwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi, ili maji na taka zitoke. Kabla ya kuingia kwenye injini hupashwa tena, mara nyingi kati ya nyuzi 120 na 150, kulingana na uzito wake. Mabomba hufunikwa ili yasipoteze joto.

Joto likipungua, matone ya mafuta huwa makubwa, hayaungui yote, na masizi huongezeka. Likizidi, mapovu ya gesi hutokea kwenye pampu na uchafu huganda ndani ya kipasha joto. Ndiyo maana mafundi huangalia joto na wepesi wa mafuta kila wakati, na husafisha chujio na kipasha joto kwa ratiba. Kabla ya kuzima injini kwa muda mrefu, kwa kawaida hubadili kwanza kwenda dizeli nyepesi ili mafuta mazito yasigande kwenye mabomba.

Urithi

Injini kubwa za meli za leo hufikia ufanisi wa takriban asilimia 50, karibu mara mbili ya kipimo cha mwaka 1897. Katika Afrika ya Mashariki, vituo vya Kipevu mjini Mombasa vimezalisha umeme kwa injini za dizeli zinazotumia mafuta mazito. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiwa na injini ya mvuke, ilifungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.