Paul Mauser, fundi wa Oberndorf

Babu yangu mzaa mama ni seremala, yuko Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Ukimkuta barazani utadhani kazi yake ni vitanda na milango ya mninga tu. Likizo ya mwaka wa kwanza nilimkuta ameshika bunduki. Ilikuwa ya mzee mmoja wa pale kijijini, ina kibali chake, ila kitako kilikuwa kimepasuka shingoni na babu alikuwa anachonga kingine. Nilikaa siku tatu namwangalia. Anapaka masizi ya kibatari kwenye chuma, anakibana kwenye mbao, anakitoa, anaangalia weusi umeshika wapi, anakwangua hapo kidogo sana kwa patasi, anarudia. Tena na tena, mpaka nikachoka mimi niliyekaa bure. Kwenye chuma kulikuwa na jina ambalo babu aliniomba nimsomee. Mauser.

Nilivyorudi chuo nilikuwa na asaimenti ya saikolojia ya elimu, lakini nikajikuta maktaba namsoma huyo mtu.

Paul Mauser alizaliwa tarehe 27 Juni 1838 Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar, kusini mwa Ujerumani, enzi zile ukiwa ndani ya ufalme wa Württemberg. Alikuwa kitinda mimba wa watoto 13. Baba yake alikuwa fundi kwenye kiwanda cha bunduki cha mfalme, kiwanda chenyewe kikiwa ndani ya majengo ya zamani ya watawa. Paul na kaka yake Wilhelm waliingia kiwandani humo wangali wadogo. Hakuna chuo kikuu katika habari hii, na hilo lilinigusa kidogo mimi ninayesomea ualimu. Mtoto alijifunza kwa kusimama pembeni ya mkubwa.

Mwaka 1859 akachukuliwa jeshini, upande wa mizinga. Zama hizo Wajerumani wa Prussia walikuwa na bunduki yenye sindano ndefu inayotoboa risasi ya karatasi. Ilikuwa kali kwa wakati wake, ila askari alilazimika kuitega sindano kwa kitendo cha peke yake kabla ya kufyatua. Mauser akatengeneza komeo ambalo ukiligeuza tu, sindano inajitega. Tazama komeo la mlango wa hosteli: unasukuma, unalaza mkono chini, mlango umefungwa. Bunduki yake inafunga hivyo hivyo, tofauti ni kwamba nyuma ya mlango huo kuna mlipuko na mbele ya komeo kuna uso wa mtu.

Nyumbani hawakumjali. Aliyewaona ni Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliyewachukua ndugu hao mwaka 1867 kwenda Liège, Ubelgiji. Mpango ule ukavunjika na Paul akarudi Oberndorf bila kitu cha maana mfukoni. Halafu mambo yakageuka haraka: Ujerumani ikaungana, ikataka bunduki mpya, ikachukua yake, ile ya mwaka 1871. Baada ya miaka michache ndugu hao wakakinunua kiwanda kile kile alichofanyia kazi baba yao. Wilhelm, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa biashara na safari, akafariki mwaka 1882. Paul akabaki na vyuma vyake.

Kazi iliyombakiza hadi leo ni bunduki ya 1898. Kubwa ndani yake ni kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa komeo. Risasi ikitoka tu kwenye kasha lake, kucha inaikamata kitako na haiiachii mpaka ganda limetupwa nje. Kwa hiyo hata ukiikoki umelala ubavu, au unatetemeka, risasi haiwezi kuanguka wala kujikunja njiani. Akaongeza jino la tatu nyuma ya komeo, la akiba, endapo mawili ya mbele yatavunjika, na vitundu vya kupitishia moshi pembeni ili ganda likipasuka usimrudie mfyatuaji machoni. Sitaki kuwachosha. Ila mtu aliyefikiria jino la akiba ambalo pengine halitagusa kitu maisha yote ya bunduki, huyo ni fundi.

Wawindaji waliliona hilo haraka. Nyumba ya Rigby ya London ikawa inachukua vyuma kutoka Oberndorf na kuvivisha mbao za huko Uingereza, mtutu mpya, vipimo vya mteja mmoja mmoja. Ndizo bunduki zilizokuja kwetu na wazungu wa ndovu. Bell, yule aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja, Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi kwa risasi ndogo ya milimita 7 iliyotoka kwa Mauser. Wanamsifu kwa shabaha. Mimi nafikiria ndovu.

Na mbao? Bunduki ya kuagiza bado leo inajengwa hivyo, mara nyingi juu ya chuma cha mtindo wa 98, na mbao inayopendwa ni mjozi. Ni mti mgumu ila hauna uzito wa kuchosha, haupindi ovyo ukishakauka, na unakubali patasi bila kumeguka. Gogo hupasuliwa likaachwa likauke miaka kadhaa, hakuna kuharakisha. Fundi anatazama nyuzi za mbao kabla ya rangi: shingoni, pale mkono unaposhika, nyuzi lazima zinyooke kufuata shingo. Zikikatiza, bunduki itapasuka hapo hapo siku moja, hata mbao iwe na mawimbi mazuri namna gani. Kisha ni yale masizi ya babu. Chini ya chuma kuna kinundu kinachobeba teke lote la risasi, nacho lazima kikae sawasawa na ukuta wa mbao. Kikiacha nafasi hata kama unene wa karatasi, kila mlio ni nyundo. Mwisho ni mafuta ya kitani, yanasuguliwa kwa kiganja, tabaka jembamba, siku zinapita, tabaka jingine.

Niliposoma hapo ndipo nikaelewa kwa nini kile kitako cha zamani kilipasuka, na kwa nini babu aligeuza geuza ubao wake wa mninga nusu siku nzima kabla ya kukata.

Lakini mimi ni Mngoni wa upande wa mama, na siwezi kuruka jambo moja. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, askari wa Mjerumani walishika bunduki za mwaka 1871, zile zile zilizompa Mauser mkate. Waliofika Makumbusho ya Majimaji pale Songea wameliona kaburi la pamoja la walionyongwa Februari 1906. Bibi yake babu alikuwa binti mdogo wakati ule. Alikuwa akisimulia maghala kuchomwa na watu kula mizizi. Mauser alikuwa kwao Oberndorf, tena alikuwa ametoka kukaa bungeni, 1898 hadi 1903. Sijui nimchukie vipi mtu ambaye kazi yake naiheshimu. Nimejaribu, na sentensi hii nimeifuta mara nne.

Uzeeni alijaribu bunduki ya kujikoki yenyewe, ikamlipukia, akapoteza jicho. Akaendelea na kazi. Mwaka 1912 mfalme alimpa cheo cha heshima, akaanza kuitwa von Mauser. Alifariki Oberndorf tarehe 29 Mei 1914, miezi miwili tu kabla ya vita vile ambavyo mamilioni waliingia wakiwa na bunduki yake ya 1898.

Likizo iliyopita nikamhadithia babu yote haya, pamoja na ya 1871. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama huyo mzee alikuwa anachagua mbao zake mwenyewe. Nikasema kiwanda kikubwa vile, hapana. Babu akasema basi alikuwa mfua chuma, si seremala, akaendelea na mlango wake.

Mikono yake imeanza kutetemeka. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, nimepata B+ kwenye somo hilo, na patasi sijawahi kuishika zaidi ya dakika kumi. TP nimeomba Namtumbo. Chini ya kitanda cha babu kuna ubao wa mninga alioupasua mwaka niliozaliwa, na ameniambia nije na masizi yangu.