Atget na Nuru ya Alfajiri Jijini Paris

Mnamo Aprili 17, 1912, wakazi wa Paris walikusanyika katika uwanja wa Bastille kushuhudia jua likipatwa. Waliinua nyuso zao juu, kila mtu akiwa ameshika kifaa cha kujikinga macho. Palikuwapo mtu mmoja ambaye hakushughulika na yaliyokuwa yakitendeka angani. Alikuwa na umri wa miaka 55, na kamera yake ya mbao aliielekeza kwa umati wenyewe. Huyo ndiye Eugène Atget.

Atget alizaliwa mwaka wa 1857 huko Libourne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Alifiwa na wazazi wake wote wawili akingali mtoto, akalelewa na babu na nyanya yake mjini Bordeaux. Akawa baharia. Mnamo 1879 aliingia chuo cha uigizaji jijini Paris, lakini kazi ya jeshi, iliyokuwa lazima kwa vijana wa wakati huo, ilimpotezea muda mwingi hata akafukuzwa mwaka wa 1881. Akazunguka mikoani na vikundi vya waigizaji mpaka maradhi ya koo yalipomtoa jukwaani. Akajaribu uchoraji, nao haukumlisha. Alipoishika kamera alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30.

Hakudai kuwa msanii. Mlangoni pake alibandika tangazo la kuwaarifu wachoraji kwamba anauza hati za kuwafaa katika kazi zao. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 aliikabili Paris ya kale, yaani mitaa iliyosalia baada ya Haussmann kubomoa sehemu kubwa ya jiji ili kupitisha barabara pana. Alipiga picha za ngazi, vyuma vya milango, nyua, vichochoro, na wachuuzi wa barabarani ambao biashara zao zilikuwa zikififia. Maktaba na Makumbusho ya Carnavalet yakawa wateja wake.

Hapa yafaa tutue kidogo. Katika Kiswahili tunasema kupiga picha, kana kwamba ni tendo la mara moja, kama kupiga kengele. Kwa Atget kitenzi hicho hakifai. Picha zake ziliingia katika vioo vya sentimita 18 kwa 24, vilivyopakwa dawa iliyopokea mwanga polepole. Lenzi ilibidi ikae wazi kwa muda. Mpita njia aliyetembea aliacha ukungu tu, au hakuonekana kabisa, na ndiyo sababu mitaa yake ina ukimya wa mahame. Mara nyingi alitoka alfajiri, jua likiwa chini, mwanga ukija upande upande na kuyaonyesha mawe ya barabara moja moja. Hata kusafisha picha alilitegemea jua: aliweka karatasi chini ya kioo, akaianika nje, akangoja.

Mwaka wa 1920 aliiuzia serikali vioo zaidi ya 2,600 kwa faranga 10,000. Miaka sita baadaye Man Ray, Mmarekani aliyeishi katika mtaa uo huo, aliiweka ile picha ya Bastille kwenye jalada la jarida la wasurrealisti. Atget alikubali, ila alitaka jina lake lisitajwe. Wengi hulieleza jambo hili kuwa unyenyekevu wa mzee asiyejua thamani yake. Mimi sikubaliani nao. Neno hati alilichagua mwenyewe, na lina masharti yake: mhunzi aweze kukisoma chuma cha ngazi, msanifu majengo aweze kuupima mlango. Anayemvika joho la usanii kwa haraka humvua neno lake.

Hata hivyo, nakiri kwamba bustani ya Sceaux hunitatiza. Mnamo 1925, akikaribia miaka 70, aliirudia mara kwa mara bustani hiyo, wakati huo ikiwa imeachwa bila matunzo, na akawa anaandika mwezi na saa ya asubuhi aliyoipiga kila picha. Ni mhunzi gani aliyehitaji saa? Pale mwanga wenyewe ndio uliokuwa ukiwekewa kumbukumbu.

Mwenzi wake, Valentine, aliyekuwa mwigizaji, alifariki mwaka wa 1926. Aliyeziokoa picha zilizosalia ni Berenice Abbott, msichana wa Kimarekani aliyekuwa msaidizi wa Man Ray. Alizinunua mwaka wa 1928, akazitetea kwa miaka 40, hadi Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalipozichukua mnamo 1968. Atget alikuwa amekubali kupigwa picha naye mwaka wa 1927. Abbott alitarajia kumwona katika nguo zake kuukuu za kazi, lakini mzee alifika akiwa amevaa koti zuri. Picha zilipokuwa tayari, Abbott alizichukua akampelekea nyumbani kwake, akaambiwa kwamba amekwisha kufa.