DAFTARI LA MGONJWA CHARLES DARWIN

Nikilitaja jina la Charles Darwin, wengi wenu mtamkumbuka yule mzee mwenye ndevu nyeupe katika kitabu cha baiolojia, na nadharia ya mageuko tunayoikariri usiku wa kuamkia mtihani. Leo sitawasumbua na mtihani. Nitawasimulia juu ya Darwin mgonjwa, maana huyo ndiye aliyenifaa mimi.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, na mwaka 1825 akampeleka mwanawe Edinburgh akasomee udaktari vilevile. Wapi! Kijana alishuhudia mtoto akipasuliwa, na siku hizo dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa bado haijapatikana. Alitoka mbio. Mwishoni mwa 1831, akingoja kuabiri meli ya Beagle kwenda kuizunguka dunia, kifua kilianza kumuuma na moyo kumdunda. Hakumwona daktari, kwa kuogopa asije akaambiwa abaki nyumbani. Nani kati yetu hajawahi kuficha homa siku ya ziara?

Safari ilichukua karibu miaka 5. Alirudi Oktoba 1836, akamwoa Emma Wedgwood mwaka 1839, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Downe, huko Kent. Kufikia hapo maradhi yalikuwa yamemganda kama kupe: kutapika, tumbo kujaa hewa, kichwa kuuma, mikono kutetemeka. Akizungumza na wageni jioni moja tu, usiku kucha hana raha. Mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa ugonjwa gani. Wako wanaomshuku mdudu mmoja mnyonya damu aliyemuuma kule Argentina mwaka 1835, na wako wanaoyalaumu maziwa.

Machi 1849 alikwenda Malvern kwa Daktari James Gully, aliyekuwa akitibu watu kwa maji baridi. Mgonjwa alivingirishwa shuka mbichi, akasuguliwa kwa taulo baridi mpaka ngozi ikaiva, na sukari akanyimwa. Jamani! Mimi nina ugonjwa wa selimundu, na maji baridi ya saa kumi na moja alfajiri ndiyo hasa yanayoniangusha. Yeye lakini aliona nafuu, akarudi nyumbani na kujengewa bafu la maji baridi bustanini ili ajitibu mwenyewe.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Kuanzia tarehe 1 Julai 1849 aliandika kila siku mchana wake ulikuwaje, na usiku wake ulikuwaje, pamoja na matibabu aliyoyafanya. Aliandika kwa vifupisho, maneno mawili matatu basi. Siku iliyokuwa njema sana aliitia alama ya mistari miwili, na mwezi ukiisha alizihesabu alama hizo. Ukilitazama utadhani ni daftari la madeni la mwenye duka, halina machozi wala malalamiko. Alitaka kujua kama maji yale yanamsaidia kweli au anajidanganya tu. Ndivyo alivyokuwa akiwachunguza pia wale viumbe wadogo wenye magamba wanaojibandika kwenye miamba ya bahari na ubavuni mwa meli. Kazi hiyo ilimchukua miaka 8, na kwa hesabu yake mwenyewe miaka 2 hivi ililiwa na ugonjwa.

Daftari si hirizi. Binti yake Annie alipougua, alimpeleka kulekule Malvern kwa Gully, na mtoto akafariki tarehe 23 Aprili 1851, umri miaka 10. Baba aliendelea kuandika mpaka Januari 1855, kisha akaacha. Hakuwa amepona. Alifanya kazi kwa vipande: saa mbili asubuhi hadi saa tatu na nusu, apumzike, halafu tena kidogo kabla ya adhuhuri. Kwa vipande hivyo kitabu chake kikuu kikatoka tarehe 24 Novemba 1859. Alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey.

Sasa mnajua kwa nini nina kile kidaftari cha bluu mnachonitania nacho. Ajabu ni kwamba nadharia yake imo ndani ya damu yangu. Anayerithi jini ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, ndiyo maana jini hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Mimi niliirithi kwa wazazi wote wawili. Muhula wa kwanza nilikaa nyumbani wiki 5, na kila mtu aliniuliza maumivu huanza vipi, nami sina jibu. Nilipoandika siku 60, jibu lilijitokeza lenyewe: baridi ya alfajiri, na zile siku za michezo ninaposahau kunywa maji. Nilimwonyesha matroni kurasa hizo. Hakubishana nami, akaniruhusu kupashiwa maji jikoni.

Mwezi uliopita nilipata mistari miwili mara 19. Tarehe 14 usiku vidole vilikataa kushika kalamu, na anayelala kitanda cha juu yangu ndiye aliyeniandikia.